Nyumba Inayoondoka Juni

Grjotdal, 12 Februari 1957

Kwa Mwalimu wa Kuchora,
Shule ya Masomo kwa Posta, Oslo

Bwana Mwalimu,

Kijitabu cha kwanza kilifika Ijumaa na lori la maziwa, pamoja na penseli tatu na kifutio. Kazi yenyewe ndiyo hii naituma: mistari hamsini iliyonyooka, hamsini iliyopinda, na hamsini "inayoonyesha hisia za mchoraji". Hiyo ya mwisho sikuielewa. Nimechora mistari hamsini ya mtu mwenye haraka.

Maana haraka ninayo. Nimeona vijitabu viko kumi na viwili na mnatuma kimoja kila mwezi. Mpaka nifike kwenye majengo itakuwa vuli, na vuli hainifai kitu. Sitaki kuchora maua, wala bakuli la matunda, wala uso wa mtu. Nataka kuchora nyumba moja tu, hii niliyozaliwa ndani yake, na inaondoka tarehe mosi Juni. Naomba uniruhusu niruke masomo ya katikati.

Nina miaka thelathini na minane, mume mmoja, mbuzi ishirini na mmoja, na macho mazuri. Tangu niache shule sijachora kitu isipokuwa mbuzi, na mbuzi nadhani hawahesabiki.

Wako,
Ragnfrid Løyning


Oslo, 20 Februari 1957

Bibi Løyning,

Nyumba haziondoki. Wenye nyumba ndio huondoka.

Kuruka hakuna. Watu wote wanaoniandikia wana haraka. Daktari wa meno wa Hamar anataka kumchora mkewe kabla hajazeeka, na nikiutazama mstari wake naona mke atatangulia. Nina bahasha arobaini mezani, chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta, na nikikaa zaidi ya nusu saa miguu inaanza kunitembea yenyewe. Kwa hiyo tusipotezeane muda.

Mistari yako iliyonyooka haijanyooka. Iliyopinda ina woga. Ile hamsini ya haraka ni mizuri, sijui umeifanyaje. Sasa sikiliza. Mstari haupo duniani. Tazama ukingo wa meza yako: hapo hakuna mstari, kuna mahali meza inapokoma na hewa inapoanza. Sisi ndio tuliobuni mstari ili tuweze kuonyeshana mahali hapo. Ukifunga mstari ukarudi ulipoanzia, umepata umbo. Ukiliwekea umbo mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili, linapata unene, na mtu anatamani kulishika. Mengine yote ni nyongeza.

Kinyume cha kanuni nakutumia vijitabu vitatu kwa mpigo. Ofisini wakiuliza, posta ndiyo iliyokosea.

E. Brandvoll


Grjotdal, 18 Machi 1957

Bwana Brandvoll,

Asante kwa kosa la posta. Nimefanya somo la pili na la tatu, na sasa la nne, la umbali na upeo wa macho, ndilo hili. Nimechora nyumba yenyewe badala ya barabara na nguzo za simu mlizoagiza, maana hapa hakuna nguzo za simu na barabara tunayo nusu.

Theluji inayeyuka mapema mwaka huu. Kila asubuhi nikitoka uani naona imepungua, nami nachukia, jambo ambalo halijawahi kunitokea maishani. Jibu upesi tafadhali.

Ragnfrid Løyning


Oslo, 25 Machi 1957

Bibi Løyning,

Nimetumia penseli nyekundu nzima kwenye karatasi yako.

Upeo wa macho ni ule mstari mrefu uliolala, tunaouona pale mbingu na nchi zinapokutana. Wewe umekaa uani kwako, kwenye kigoda, naona hata ncha ya kiatu chako umeichora. Basi imekuwaje upeo upite juu ya bomba la moshi? Umeuchora karibu na ukingo wa juu wa karatasi, umenyooka kwa rula, unazunguka pande zote, na nyumba nzima iko chini yake. Hivyo anaona ndege, Bibi Løyning. Unachora ukiwa umekaa juu ya paa la jirani, au umetoka mbinguni?

Usiniambie umesoma kijitabu, maana hukusoma. Rudia.

E. Brandvoll


Grjotdal, 2 Aprili 1957

Bwana Brandvoll,

Kijitabu nimekisoma mara nne. Kimesema "mstari mrefu uliolala, unaoonekana pande zote". Nilitoka nikautafuta. Wewe bila shaka umekulia mahali penye bahari. Grjotdal mbingu haikutani na nchi, inakutana na milima, na ili uione sharti uinue shingo. Jua lenyewe tunalipata saa nne na nusu kwa siku. Mama yangu alikufa hajawahi kuona huo upeo wenu, na hakuwahi kulalamika.

Mstari uliolala pande zote hapa uko mmoja tu. Wameupaka kwa chokaa nyeupe vuli iliyopita, kwenye miamba na kwenye miti ya mibetula, kuzunguka bonde lote. Uko juu ya bomba letu la moshi, kama urefu wa nyumba mbili. Ni watu wa kampuni ya umeme. Wanajenga bwawa huko chini kwenye koo la bonde, na maji yatafika hapo walipopaka. Nyumba zinachomwa kwanza ili mbao zisije kuelea zikaziba mitambo. Yetu ni tarehe mosi Juni.

Basi nilidhani ndio huo.

Mpiga picha wa kampuni alishakuja, kama unataka kuniuliza. Alipiga picha kutoka ng'ambo ya mto, maana huko ndiko kuna nafasi ya kuweka miguu mitatu ya kamera yake. Mimi sijawahi kuishi ng'ambo ya mto. Katika picha ile nyumba ni ya mtu mwingine.

Ragnfrid Løyning


Oslo, 9 Aprili 1957

Bibi Løyning,

Nimeona aibu. Nimezunguka chumba hiki mpaka mama mwenye nyumba akagonga dari kwa ufagio.

Kosa ni la kijitabu, na kijitabu nimekiandika mimi. Nimekulia Jæren, ambako nchi ni bapa kama mkate wetu mwembamba na bahari inakutazama toka kila dirisha, na haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuishi asiuone upeo. Nakuandikia upya. Upeo wa macho hauko mbali. Uko sawasawa na jicho lako, popote ulipo. Ukikaa unakaa nawe, ukisimama unasimama nawe, hata ukijifungia kabatini unao. Kitu kilicho juu ya jicho lako, mistari yake inashuka ikielekea mbali. Kilicho chini ya jicho, mistari yake inapanda. Sasa rudi kwenye kigoda chako, uweke upeo kwenye usawa wa jicho, na hiyo chokaa yao waachie wenyewe.

Jambo la pili. Nyuma ya bahasha yako ya mwisho kulikuwa na mbuzi, umemchora bila shaka huku ukisubiri lori. Mistari saba. Anageuka, amesikia kitu, sikio moja liko mbele na moja nyuma. Nimekaa miaka kumi na tisa nikisahihisha, sijapata mbuzi kama huyo. Ila nyumba yako imekaa kama sanduku la posta. Mkono ni uleule, penseli ni ileile. Kwa nini mbuzi yuko hai na nyumba imekufa?

E. Brandvoll


Grjotdal, 2 Mei 1957

Bwana Brandvoll,

Upeo nimeushusha. Hii ni karatasi ya tano ya nyumba. Naona bado haijakaa sawa, na wewe utaona vilevile. Andika makosa yote, nitarudia. Sina shida ya kurudia.

Kuhusu mbuzi sijui la kukujibu. Mbuzi hasubiri.

R. Løyning


Grjotdal, 8 Mei 1957

Bwana Mwalimu,

Mimi si mtu wa kuandika kwa hiyo utanivumilia. Naitwa Sveinung, ndiye mume wa Ragnfrid. Barua zako nimezikuta kwenye pipa la unga. Nikajiambia, haya, Sveinung, mkeo kapata bwana Oslo, tena anayejua kuandika. Nilikuwa nimeshavaa koti la Jumapili nije kukutafuta. Halafu nikazisoma nikaona unamtukana kila ukurasa, nikavua koti.

Sasa nikwambie asichokwambia. Ardhi hii ni ya ukoo wake, mimi nimeolea hapa. Nyumba zote za bonde zimeshatia saini, imebaki saini yake tu. Mwezi wa kwanza mhandisi Holtan alikuja na karatasi, akanywa kahawa, akasema, "Mama, kalamu hii hapa." Ragnfrid akamjibu, "Nitatia saini siku nitakayoimaliza kuichora." Holtan akacheka, akasema, "Haya mama, chora." Alidhani ni kazi ya mchana mmoja! Mimi naye tuko pamoja miaka kumi na sita, sikucheka.

Anaweza kuchora huyu. Anamchora mbuzi huku anakanda mkate. Lakini nyumba akiifikisha pazuri nasikia kifutio, krr krr krr, mpaka karatasi inatoboka. Nikimuuliza ananiambia, "Mwalimu hajaridhika." Wewe ndiye umekuwa kisingizio.

Tarehe mosi ikifika bila saini, polisi wa wilaya atakuja kumbeba mzimamzima, mbele ya watu. Na shamba tulilopangiwa badala ya hili atapewa mwingine. Ni shamba zuri, liko Jæren kwenu huko kwenye ubapa. Tutakuwa watu wa kulala kwa dada yangu, jikoni, na dada yangu namjua.

Nimeona huwa unaandika chini kabisa "Rudia". Nakuomba kama mwanamume mwenzangu, safari hii andika "Umepita".

Sveinung Løyning

Usimwambie nimeandika. Barua zake nimezirudisha kwenye unga kama zilivyokuwa.


Oslo, 14 Mei 1957

Mpendwa Bibi Løyning,

Pongezi za dhati! Karatasi yako ya tano ni kazi nzuri sana. Uwiano umekaa, umbali umekaa, mwanga na kivuli vinaelewana. Sina la kuongeza. Nyumba imekamilika na umepita kwa alama ya juu. Sasa weka penseli chini upumzike.

Wako mwaminifu,
Eilert Brandvoll


Grjotdal, 20 Mei 1957

Bwana Brandvoll,

"Mpendwa". "Pongezi za dhati". Miezi mitatu umenifananisha na ndege, na sanduku la posta, leo nimekuwa mpendwa.

Sveinung amekuandikia. Usikatae. Barua yako ilipofika hakuniuliza imesema nini, akaenda kupasua kuni ambazo hatutazihitaji. Na zile za kwenye pipa zilikuwa na unga ndani ya bahasha.

Hukuweka hata alama moja nyekundu. Karatasi ile mimi mwenyewe najua ina makosa, mengine nimeyatia kwa mkono wangu huku najiona. Ndiyo, najiona. Holtan ananidanganya kwa upole, mchungaji ananidanganya kwa maombi, mume wangu ananidanganya kwa kuni. Wewe ulikuwa mtu mmoja aliyekuwa akiniambia kitu kilivyo. Nawe umeamua kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Uamuzi wa kuondoka ni wangu. Si wa kampuni, si wa Sveinung, na hakika si wa mtu aliyekaa Oslo na penseli. Nirudishie karatasi yangu.

Ragnfrid Løyning


Oslo, 24 Mei 1957

Bibi Løyning,

Karatasi yako ndiyo hii. Makosa ni kumi na moja, yote nimeyazungushia. Makubwa ni haya.

Ukuta wa kushoto uko mbali zaidi nawe lakini umeuchora mrefu kuliko wa kulia. Huo ni uzembe, au ni ile hila yako. Unajua wewe.

Kivuli cha rundo la kuni kinaelekea upande mmoja, kivuli cha bomba kinaelekea upande wa pili. Umechora asubuhi na jioni katika karatasi moja. Ulikaa pale siku nzima, hukutaka kuchagua saa. Mchoraji sharti achague saa, Bibi Løyning. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayouma.

Madirisha yote manne umeyachora yakikutazama usoni, hali kutoka kwenye kigoda chako unaweza kuona mawili tu. Hayo mengine unajua yapo, ukayatia. Nimewaambia watu mia kadhaa na nakwambia nawe: chora unachokiona, usichore unachokijua. Na kifutio kitupe mtoni.

Kuhusu ile barua yangu, nilidanganya, na nilidanganya vibaya. Mumeo alinitia hofu. Nilikuona ukibebwa, na wanaume wamesimama wanaangalia, nikataka yaishe. Nilijifariji kwamba ni kwa faida yako. Ukweli ni kwamba niliwahi kufanyiwa hivyo mimi mwenyewe. Nikiwa na miaka ishirini na tatu mtu mmoja aliipokea picha yangu, akasema "imekamilika, pumzika". Nilipumzika. Sijachora tena. Nasahihisha.

Kwa hiyo siandiki "Umepita", na safari hii siandiki "Rudia" pia. Lako ni lako. Sijui utakalofanya tarehe mosi, na tangu barua yako ifike sikai wala silali.

E. Brandvoll


Nærbø, Jæren, 11 Juni 1957

Mwalimu,

Barua yako nilienda kuisomea uani, kwenye kigoda, na nikayatafuta makosa kumi na moja moja baada ya jingine. Yote yapo. La saa ndilo lililonikaba. Nilikaa hapo nikaelewa kwamba nyumba ile nisingeimaliza kamwe, hata bila hila, kwa sababu kila mara ningejiambia nitaitazama tena kesho.

Basi tarehe thelathini na moja Mei nikamwita Holtan. Alikuja mbio, kalamu mkononi. Nikatia saini juu ya pipa lao la mafuta ya taa, maana meza yetu ilikuwa imeshapakiwa. Sveinung aligeuka akatazama mlimani, mabega yakawa yanacheza. Nikamwambia Holtan, "Nina sharti moja. Mkiichoma mimi nitakuwa uani."

"Mama, kuna moto mkali. Na utaumia roho."

"Roho ni yangu. Nyie fanyeni kazi yenu."

Walianza saa tatu asubuhi, siku ya pili yake. Saa hiyo sikuichagua mimi, lakini ilikuwa moja tu, si asubuhi na jioni pamoja. Nilikuwa na penseli mbili na karatasi kubwa ya kufungia jibini. Kifutio nilikuwa nimekitupa kweli, Sveinung shahidi. Holtan akaja akasimama mbele yangu na kofia mkononi, nadhani alitaka kunifariji. Nikamwambia, "Baba, sogea, unanizibia." Akasogea. Wanaume wote wakasogea. Hakuna aliyenigusa.

Nilianza na paa kwa sababu moto ulianza na paa. Nikawa nakimbizana nao. Ulikuwa ukichukua kitu nami nakichukua, sikuwa na nafasi ya kuharibu wala ya kulia. Ukuta wa kushoto nimeuweka mfupi unavyotakiwa. Madirisha ni mawili. Moshi ulielekea ng'ambo ya mto, na kivuli chake nimekilaza upande huohuo.

Sveinung alikuja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Ni yenyewe." Nikamwambia anyamaze, sijafika mlangoni.

Nilipofika mlangoni, mlango haukuwepo. Palikuwa na mwanga mtupu na boriti imeanguka. Najua unavyofundisha. Lakini nimeuchora, na kizingiti chake, na pale chini ambapo mbao zimelika kwa miguu yetu. Nimeuchora ukiwa wazi kidogo, kama tulivyokuwa tukiuacha wakati wa kukamua mbuzi, kwa mkono uleule uliousukuma miaka yote hiyo. Hapo mkono haukusita.

Karatasi naituma. Nataka uisahihishe kwa penseli nyekundu kama kawaida yako, usinionee huruma hata kidogo.

Mlango tu uuache.

Ragnfrid